Nilijua in- maana yake "si", nusura niunguze stoo ya watu

Mi shule niliishia form four na nikwambie ukweli sikuwa kilaza wa Kiingereza, tena hilo ndo somo pekee nililokuwa natambia nyumbani. Mwalimu wetu wa form two alikuwa na staili yake, anachora mstari katikati ya ubao, kushoto anaandika neno, kulia anaandika kinyume chake, halafu darasa zima tunaimba. Visible, invisible. Complete, incomplete. Active, inactive. Correct, incorrect. Akatuambia ile in- ya mwanzoni ichukulieni kama ha- ya Kiswahili, inaonekana haionekani, imekamilika haijakamilika, ukikutana na neno hulijui we angalia kichwa chake tu utajua limekataa au limekubali. Nikalibeba hilo kama lilivyo. Kwenye mtihani lilinisaidia sana, tatizo lilikuja nje ya mtihani.

Mwaka 2008 nikapata kazi Gerezani, Dar, duka la rangi na vifaa vya ujenzi, sitalitaja maana wenyewe bado wapo na hawana kosa lolote, kosa ni langu. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea mzigo, kupanga, kuhesabu, kubeba, na kumchemshia chai mzee wa stoo. Huyu mzee alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, kusoma kwenyewe anasoma kwa kunyoosha kidole, ila ukimtajia namba ya rangi anakuletea kopo bila kuwasha taa. Nilikuwa namheshimu kama mzee, ila kichwani nilikuwa najiona mi ndo msomi wa ile stoo. Ujana bana.

Sasa siku hiyo ukaja mzigo wa thina. Kwa wasiojua, thina ni yale maji makali ya kuchanganyia rangi ya mafuta na rangi ya gari, ile harufu inayopanda mpaka kwenye macho ukipita gereji. Ilikuja kwenye madebe ya lita 20 na ilikuwa imetoka sehemu mbili tofauti. Madebe ya kwanza yalikuwa mapya, yana stika nyekundu ya mraba uliosimamia kona yake, imechorwa moto, chini yake imeandikwa FLAMMABLE. Ya pili yalikuwa madebe ya kizamani, yamepigwa chapa ya wino mweusi ubavuni, hayana picha yoyote, yameandikwa INFLAMMABLE. Bosi alikuwa anatoka kwenda bandarini, akaniambia kwa haraka, "Kijana, vinavyowaka vyote peleka banda la nyuma, visivyowaka ingiza ndani, nikirudi nikute pamekaa vizuri."

Kazi nyepesi hiyo kwa msomi. Flammable, kuna flame mle ndani, flame ni mwali, kwa hiyo inawaka, peleka banda la nyuma. Inflammable, ina in-, kwa hiyo haiwaki, ingiza ndani. Nikayabeba madebe sita ya inflammable mmoja mmoja begani nikayapanga vizuri kabisa ukutani, pale pale karibu na kona ambayo tulikuwa tunaweka jiko la mchina. Debe moja lilikuwa limebonyea kwenye mshono wa chini na linatoa jasho. Nikaona nalo halina shida, si haliwaki.

Mzee akaja akasimama. Akavuta pua. Akaniuliza, "Mwanangu, hii si thina?"

Nikamwambia ndiyo mzee, ila hii ni ile isiyowaka.

"Isiyowaka?"

Nikaona hapa ndo pa kumwaga elimu. Nikampeleka mpaka kwenye debe, nikaweka kidole kwenye zile herufi mbili za mwanzo, nikamweleza habari ya in-, nikampa na mifano, visible invisible, correct incorrect, yaani nilimfundisha lesoni nzima nimesimama. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Halafu akasema, "Haya, wewe ndo umesoma. Lakini inanuka kama ile nyingine." Akaenda zake kukaa mlangoni.

Hiyo sentensi huwa inanirudia mpaka leo. Inanuka kama ile nyingine.

Mida ya saa nane mchana nikawasha jiko la mchina niweke chai ya rangi. Nakumbuka nimepiga kiberiti, utambi umeshika, nimeweka sufuria, nimegeuka kuchukua majani ya chai kwenye rafu. Nikasikia sauti, sio mlipuko wa kwenye sinema, ni kama mtu amekung'uta shuka kubwa mara moja, vuup. Nikageuka nikaona mwali wa bluu unapita sakafuni, chini chini kabisa, unatembea kama paka, unatoka kwenye jiko unaelekea kwenye debe linalotoa jasho. Sijawahi kuona moto unatembea kwenye saruji tupu isiyo na kitu juu yake. Ukafika kwenye debe ukageuka rangi ya njano na moshi mweusi. Nyusi zangu zikawa zimeondoka tayari, nilijua kwa harufu, ile harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya.

Nikakimbilia ndoo ya maji. Mzee akapiga kelele ambayo sikujua anayo kifuani, "Maji acha!" Akaja na ile ndoo ya mchanga iliyokuwa mlangoni, ambayo mi nilikuwa naitumia kuzimia sigara, akaimwaga yote chini ya debe, akavuta gunia akalilowesha kwenye pipa la nje akalifunika juu, akanisukuma nje, na jamaa wa duka la jirani akaja na mtungi wa kuzimia moto akamalizia. Haikufika dakika tatu nadhani. Tulipoteza debe moja, makopo kadhaa ya rangi, ukuta ukawa mweusi mpaka kwenye dari na mi nikabaki bila nyusi wiki kadhaa, watu wanafikiri ni fasheni. Ningemwaga yale maji yangu, thina ingeelea juu yake na kutembea na moto mpaka kwenye mengine matano, na hii stori angekuwa anaisimulia mwingine.

Bosi alivyorudi hakupiga kelele, na hapo ndo niliogopa. Akaniuliza polepole, "Wewe hujui kusoma?" Nikamjibu, na niliamini nina haki kabisa, "Bosi nimesoma, imeandikwa haiwaki." Akaniangalia, akaangalia debe, akaniangalia tena. Akasema inflammable maana yake inawaka. Nikamuuliza na flammable? Akasema inawaka. Nikakaa chini kwenye saruji.

Kesho yake kulikuja mteja Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa anapita kila baada ya miezi miwili mitatu kuchukua mzigo wa kupeleka kwao, akaona ukuta mweusi akauliza. Mzee akamsimulia, tena kwa madoido. Yule jamaa alicheka akashika kaunta. "Petit, ile njo ya kuwaka! Kwetu ile ya kukosa kuwaka banaandika ininflammable." Nikadhani ananitania, in mbili? Kumbe kweli, kwa Kifaransa inflammable ni kitu kinachowaka, na kisichowaka ndo unakiongezea in- nyingine mbele, kinakuwa ininflammable. Kwa hiyo Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa hawezi kuingia kwenye shimo nililoingia mimi, debe likiwa na in- moja anajua moto upo. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Gerezani wote wanaongea Kiswahili, wanasoma debe lile lile, mmoja anakimbia mwingine anachemshia chai pembeni yake.

Baada ya hapo hilo neno likawa kama limenidai. Nilikuwa naulizia kila mtu anayejua Kiingereza, na baadaye simu za intaneti zilipokuwa rahisi nikawa nasoma mwenyewe usiku. Nikaja kugundua kwamba mimi sikuwa mjinga peke yangu, na hilo lilinifariji kuliko kitu chochote.

Iko hivi. Ile in- ya inflammable sio ya kukataa. Kilatini kilikuwa na in- mbili zinazofanana kwa sura kabisa kama mapacha, moja ni ya kukataa, nyingine ni ya kuingiza, ya "ndani". Invisible imechukua ya kukataa. Inflammable imechukua ya kuingiza, inatoka kwenye inflammare, yaani kutia moto, kuwasha. Dada yangu ni nesi na siku namweleza akaniambia sasa hii si tunaitumia kila siku wodini, inflammation, kidonda kikivimba kikawa chekundu na cha moto, hakuna hata mmoja anayefikiri inflammation maana yake kidonda kimepoa. Na fundi wa matairi anajua inflate ni kujaza upepo, hakuna fundi anayefikiri inflate ni kutoa. Hizo zote zilikuwa mbele ya macho yangu, ila kichwa kilikuwa kinaimba wimbo wa form two.

Kingine kilichonishangaza, inflammable ndo mkubwa kwa umri. Limekuwepo kwenye Kiingereza tangu karne ya 17, flammable limekuja nyuma sana, karne ya 19, na hata lilipozaliwa halikupendwa saana. Mi nilidhani flammable ndo neno lenyewe na inflammable ni mtoto wake aliyeongezewa kichwa. Kumbe kinyume. Waliolipandisha flammable ni watu wa moto na watu wa bima. Huko Marekani chama cha kinga ya moto, NFPA, kuanzia miaka ya 1920 kilianza kusisitiza watu waandike flammable kwenye lebo, kwa sababu waliona hatari ya mtu kusoma inflammable akaelewa haiwaki. Waingereza nao, shirika lao la viwango likatangaza mwaka 1959 kwamba sera yake ni kuhimiza flammable, na kinyume chake kiwe non-flammable, ili kusiwe na utata. Yaani Waingereza wenyewe, wenye lugha, walikaa wakakubali kwamba watu wao wanaweza wakachanganya. Halafu mimi wa Gerezani nikawa najisikia aibu miaka yote hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo tofauti ya haya mawili nitakwambia maana ni moja, moto ni ule ule, tofauti iko kwenye wapi yanaishi. Flammable linaishi kwenye lebo, kwenye madebe, kwenye nguo za kulalia za watoto, kwenye karatasi za usalama zinazokuja na mzigo. Inflammable limebaki kwenye vibao na vitabu vya zamani, na kwenye maneno ya mafumbo, mtu mwenye hasira za karibu, mji ambao umejaa chuki unangoja kiberiti tu, hapo mwandishi wa Kiingereza anaweza kutumia inflammable na ikakaa vizuri, ila akisema huyu mtu ni flammable inakuwa kama amemwagiwa petroli kweli. Mzigo ukiwa ni wa hatari we andika flammable basi. Na hakuna siku utakayoandika inflammable ukimaanisha haiwaki, hiyo haipo kabisa.

Halafu kuna jambo la maneno madogo yanayokaa mbele yake, hili watu wanalipita sana na mi ndo nalipenda. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo mmoja wa lebo za kemikali kwa dunia nzima, ndo zile stika za mraba uliosimamia kona wenye mstari mwekundu pembeni. Kwenye huo mfumo flammable peke yake, highly flammable na extremely flammable sio mbwembwe za uandishi kama "tamu", "tamu sana", "tamu kupita kiasi". Kila moja ina kipimo chake. Wanaangalia kile kiwango cha joto ambacho kimiminika kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukileta kiberiti juu yake. Kama kiwango hicho ni kati ya nyuzi 23 na 60 inaandikwa flammable tu. Kikiwa chini ya 23 ni highly flammable. Na kikiwa chini ya 23 halafu kimiminika chenyewe kinachemka kwenye nyuzi 35 au chini ya hapo, ni extremely flammable.

Sasa chukua hizo namba uzilete Dar. Nyuzi 23 Dar es Salaam ni nini, ni alfajiri ya mwezi wa saba watu wamevaa masweta. Mchana wa mwezi wa pili ndani ya stoo ya bati sijui ni ngapi ila jasho lilikuwa linachuruzika mpaka kwenye soksi. Kwa hiyo kitu ambacho kwenye ghala la baridi Ulaya kinakuwa kimelala, kwetu kimeshaamka na kinatembea. Petroli ndo usiseme, yenyewe inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji kama 38 kwenda juu, ndo maana kwenye jiko la mchina unaweza kumwagikiwa kidogo na usife, na ndo maana pia mtu akichanganya petroli kwenye mafuta ya taa, anageuza jiko kuwa bomu na mteja hana habari.

Na hapo ndo nilielewa ule moto wa bluu ulikuwa unatembea juu ya nini. Thina yenyewe ya maji maji ilikuwa haiwaki, unaowaka ni mvuke wake. Mvuke ni mzito kuliko hewa, hauruki juu kama moshi, unashuka, unalala sakafuni, unasambaa kimya kimya mpaka ukute jiko. Saruji haikuwa tupu hata kidogo, ilikuwa imetandikwa blanketi nisiloliona. Kiswahili kina maneno mengi mazuri hapa, kushika moto, kuwaka, kuungua, kuteketea, kulipuka, kila moja na hatua yake, na ile thina kwanza ilishika, halafu ikawaka, mi ndo nikaungua.

Siwezi kuongelea mvuke bila kutaja Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na watu wakaja na madumu, wakafa zaidi ya 100. Sitaki mtu afikiri nasema wale walishindwa kusoma lebo. Kila mtu pale alijua petroli inawaka, hilo halihitaji Kiingereza. Ila kujua petroli inawaka na kujua kwamba hewa unayovuta sasa hivi umesimama mita kumi kutoka kwenye lori nayo ni petroli, hivyo ni vitu viwili, na cha pili hakuna lebo iliyobandikwa juu ya hewa.

Kuna Mmarekani mmoja nilikuja kusoma habari zake, Benjamin Lee Whorf, alifariki 1941, anajulikana kama mtu wa mambo ya lugha ila mshahara wake ulikuwa unatoka kampuni ya bima mjini Hartford, kazi yake kukagua hatari za moto. Aliona wafanyakazi wakiwa karibu na mapipa ya petroli yaliyojaa wanakuwa makini, hawavuti sigara, wakihamia kwenye mapipa yanayoitwa matupu wanalegea, wanawasha. Na pipa tupu ndo baya zaidi maana limejaa mvuke. Nilivyosoma hapo nikaweka simu chini. Mangapi nimeona Gerezani na Keko, mtu ananunua pipa tupu akakate atengeneze tanki la maji au jiko, fundi anakuja na mtungi wa gesi anaanza kuchomelea bila hata kulisuuza, ukimwuliza anakwambia tupu hilo. Tupu. Neno letu wenyewe, halina hata in- mbele, na linadanganya vizuri tu.

Ndo maana siku hizi simlaumu tena mwalimu wangu. Kanuni yake ilikuwa sawa, ila hakutuambia kwamba kanuni ina mipaka. Na sisi wenyewe Kiswahili chetu kina mtego kama huo. Miaka michache nyuma nilikutana na mzungu anajifunza Kiswahili, kijana mzuri, anaandika kila kitu kwenye kadaftari. Amegundua kwamba ukiweka -ua mwishoni unapata kinyume, kufunga kufungua, kuziba kuzibua, kukunja kukunjua, kutega kutegua. Akafurahi sana. Halafu akaniuliza kwa makini kabisa, kwa hiyo mtu aliyenuna, akiacha kununa, tunasema amenunua? Nilicheka, nikacheka, machozi yakatoka, halafu ghafla nikakumbuka nimesimama mbele ya mzee na kidole changu kiko kwenye debe. Nikaacha kucheka nikamweleza taratibu.

Narudi stoo. Bosi hakunifukuza, alinikata ya lile debe kwa miezi miwili na akanipa brashi na kopo la rangi nyekundu. Akasema kila kitu kinachoingia hapa, kabla hujakipanga, unamuuliza mzee kinanukaje, halafu unaandika kwa Kiswahili. Basi nikawa naandika kwenye kila debe, INAWAKA, herufi kubwa kama za kampeni. Mzee alikuwa anapita nyuma yangu anasoma kwa kidole, i-na-wa-ka, anatingisha kichwa. Ile stika ya mraba wenye moto hakuihitaji kusomewa, aliielewa siku ya kwanza alivyoiona, ile picha ndo iliyokosekana kwenye yale madebe ya wino mweusi.

Niliondoka pale mwaka 2011, nilipata kazi ya stoo sehemu nyingine yenye mshahara mzuri kidogo. Bosi akaniandikia barua ya kunitambulisha, kwa Kiingereza, imechapwa vizuri ina muhuri. Nikaisoma nikiwa nimeshatoka, natembea naelekea Mnazi Mmoja kutafuta daladala. Kulikuwa na mstari unasema huduma yangu pale ilikuwa invaluable.

Nikasimama katikati ya watu. Valuable ni yenye thamani. Miaka mitatu nabeba madebe, ukuta nilipaka mwenyewe, deni nililipa lote, halafu mtu anakuandikia huna thamani na anagonga muhuri juu yake. Nikageuza. Nilifika dukani natweta, nikamwekea barua mezani nikamwambia bosi kama una kinyongo na lile debe si ungeniambia.

Bosi akaisoma, akatafuta kosa hakuliona. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanyamaza kidogo halafu akaanza kucheka, alicheka mpaka mzee akatoka stoo kuja kuona kuna nini. "Wewe na hizo in- zako!" Akanieleza kwamba hapa in- imekataa kweli, ila imekataa bei, yaani kitu ni cha thamani kiasi kwamba huwezi kukipigia hesabu. Mzee akauliza kwa hiyo ni nzuri au mbaya? Bosi akasema nzuri. Mzee akasema basi mwandikieni hivyo huyo mtoto, asije akasomewa vibaya huko anakokwenda.

Bosi akachukua peni, akaandika chini ya muhuri kwa mkono, Kijana huyu anafaa sana, mpokeeni. Kwenye kazi mpya yule mama wa ofisini alipitisha macho juu ya kile Kiingereza kilichochapwa, akafika kwenye ule mstari wa peni akausoma kwa sauti, akaniuliza naweza kuanza Jumatatu.